Picha Isizime na Stima: Kulisha Amplifaya ya Video kwa Betri

Kamera iko kwenye stoo ya viazi. DVR na TV ziko nyumbani. Katikati kuna mita 300 za kebo ya koaksia na amplifaya ndogo inayoisukuma picha ifike ikiwa na nguvu. Stima ikipotea, kamera inaendelea kwa betri yake na DVR kwa yake. Amplifaya inazima, na skrini inakuwa nyeusi saa ileile unapotaka kuona nani yuko mlangoni mwa stoo.

Sababu ni moja. Amplifaya nyingi za video ya analogi zinataka volti chanya na volti hasi kwa pamoja, kwa mfano +5 na −5. Betri yako ina nguzo mbili tu. Transfoma iliyokuja na amplifaya ilikuwa inafanya kazi hiyo kwa stima ya 240 V. Sasa utaifanya wewe kwa betri, na kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa redio anavijua.

Kama unaishi Kiirua, kule Meru, usingoje gridi itulie. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule kwenye Mto Tana upande wa Embu, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilishika tena karibu nchi nzima. Hayo ni yale yaliyofika kwenye habari. Tawi likikata waya kati ya Ruiri na Kiirua, hakuna gazeti litakaloandika, na ni wewe utakayekaa gizani.

Anza na sifuri

Kabla ya kununua chochote, jua sifuri yako iko wapi. Sifuri ni waya wa katikati, ule usio chanya wala hasi. Unaungana na wavu wa nje wa kebo, na ganda la BNC, na graundi ya bodi. Volti nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Nimeona vifaa vingi vikiungua kwenye kazi hii, na karibu kila mara kosa lilikuwa kwenye sifuri, si kwenye IC.

Picha ya kawaida ya analogi ina kimo cha 1 V. Mwangaza hupanda 0.7 V juu ya sifuri. Mapigo yanayopanga mistari hushuka 0.3 V chini yake. Amplifaya huzidisha mara mbili, kwa sababu nusu huachwa kwenye resista ya 75 Ω iliyo mbele ya kebo. Kwa hiyo IC yako inatakiwa kufika +1.4 V ikipanda na −0.6 V ikishuka. Hiyo −0.6 ndiyo inayodai volti hasi.

Hesabu hiyo inakuambia jambo la pili: ±5 V inatosha. Usihangaike kutafuta ±12 au ±15 kwa sababu tu bodi ya zamani iliitumia. Volti za ziada zinageuka kuwa joto, na joto hilo unalilipia kwa betri.

Soma namba iliyo juu ya IC. AD811 inakubali kuanzia takriban ±4.5 V hadi ±18 V, kwa hiyo haina wasiwasi. LM6172 nayo ina nafasi pana, na inakula umeme kidogo sana. AD8001 ni ya ±5 V pekee: jumla ya volti ikipita 12.6 unaizika. Ukikuta LM358 au TL072 kwenye bodi inayodai kuwa ya video, ing'oe. Hizo ni za sauti. Rangi ya PAL, mfumo wetu hapa Kenya, hubebwa kwenye 4.43 MHz, na IC hizo haziwezi kuifikisha hapo.

Angalia kamera pia. Kamera nyingi za sasa za AHD, TVI na CVI ni za analogi, lakini mawimbi yake hupanda hadi makumi ya megahezi. Amplifaya ya zamani itaikata picha hiyo au itaiua kabisa. Nyingi zina kitufe kidogo kwenye waya wake; kwa hicho unaweza kuirudisha kamera kwenye CVBS, ile ya kawaida. Soma karatasi yake, igeuze, ndipo uendelee.

Betri mbili: njia ninayoipendekeza

Chukua betri mbili za 12 V zinazofanana, zile ndogo za 7 Ah za kengele za wizi na UPS. Zifanane kweli: kampuni moja, umri mmoja, zimenunuliwa siku moja. Betri nzee ukiifunga na mpya, nzee inaivuta mwenzake chini.

Ziite A na B. Unga hasi ya A na chanya ya B. Kiungo hicho ndicho sifuri yako. Chanya ya A sasa ni +12, na hasi ya B ni −12. Umemaliza sehemu ngumu bila transfoma, bila kelele, bila kifaa chochote cha kuungua.

Tumia rangi tatu za waya na usizibadilishe mpaka mwisho. Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa sifuri, buluu kwa hasi. Fundi wa magari atakuambia nyeusi ndiyo hasi. Kwenye gari, sawa. Hapa nyeusi ni katikati, kwa hiyo bandika karatasi juu ya boksi na uandike hivyo.

Weka fyuzi ya 1 A kwenye chanya ya A, karibu kabisa na nguzo. Weka nyingine kwenye hasi ya B. Betri ya 7 Ah ni ndogo kwa macho tu. Ikigusanishwa nguzo zake inayeyusha waya.

Usiweke fyuzi wala swichi kwenye waya wa sifuri. Hata siku moja. Sifuri ikikatika wakati pande mbili zimebaki, bodi inaelea kati ya +12 na −12 na hakuna anayejua itatua wapi. Chanya na hasi zinaweza kukatika, katikati haikatiki.

Swichi iwe ya njia mbili, inayokata chanya na hasi kwa mpigo mmoja. Waulize dukani swichi ya miguu sita. Swichi mbili tofauti ni mtego: utazima moja, utasahau nyingine, na IC iliyobaki na upande mmoja itasukuma volti zake zote kwenye kebo mpaka kwenye DVR.

Shusha 12 iwe 5

Kwa upande chanya tumia 7805. Kwa upande hasi tumia 7905. Zinauzwa kila mahali: Luthuli Avenue, Nairobi, utazipata, na duka la vipuri mjini Meru halikosi. Kama unaagiza, agiza nne nne. Ni za bei ndogo na utaunguza angalau moja ukijifunza.

Hapa sikiliza vizuri. Miguu ya 7805 na ya 7905 haifanani. Ukizitazama kwa mbele, miguu ikiwa chini, 7805 inaanza kushoto: kuingia, graundi, kutoka. Ile 7905 inaanza: graundi, kuingia, kutoka. Anayezifunga kwa mazoea anaiua 7905 sekunde ileile anapowasha.

Bati la mgongo pia halifanani. Mgongo wa 7805 umeungwa na graundi. Mgongo wa 7905 umeungwa na mguu wa kuingia, yaani −12. Ukizifunga zote mbili kwenye kipande kimoja cha aluminiamu bila kizuizi, umegusanisha −12 na sifuri. Suluhisho ni rahisi: usizifunge popote. Kwa mkondo mdogo wa amplifaya moja hazipati joto la kuhangaisha. Betri iliyojaa ina 12.7 V; ukitoa 5 ni 7.7 V, ukizidisha kwa 30 mA unapata kama robo wati. Ziache zisimame wima, kila moja peke yake.

Kapasita si mapambo. Weka 10 µF na 100 nF, ile iliyoandikwa 104, kwenye kuingia na kwenye kutoka kwa kila regulata, karibu na miguu yake. Hasa 7905: ikikosa kapasita inaanza kutetemeka yenyewe, na utaona mistari myembamba kwenye picha na kuilaumu kamera bure. Kumbuka upande hasi kapasita ya elektroliti inageuka: mguu wake wa chanya unaenda kwenye sifuri.

Kisha dayodi mbili za 1N4001. Ya kwanza kati ya +5 na sifuri, mstari wake mweupe ukitazama +5. Ya pili kati ya −5 na sifuri, mstari ukitazama sifuri. Kwa siku za kawaida hazifanyi lolote. Siku upande mmoja unachelewa kuwaka, zinauzuia upande mwingine usiuvute kinyume.

Mwisho, kwenye IC ya amplifaya yenyewe, weka 104 moja kutoka mguu wa +5 kwenda sifuri na nyingine kutoka mguu wa −5 kwenda sifuri. Miguu ya kapasita iwe mifupi uwezavyo. Sentimita moja ni sawa. Tano ni mbali, na IC za kasi kama AD8001 hazitakusamehe.

Kamera isikae popote

Kamera ya 12 V ina siri ambayo wauzaji hawakuambii: ndani yake, hasi ya umeme na wavu wa kebo ya video ni waya mmoja. Popote utakapoifunga hasi ya kamera, umeifunga sifuri ya picha hapohapo.

Kwa hiyo kamera inaweza kula kwenye betri A, kwa sababu hasi ya A ndiyo sifuri. Haiwezi kula kwenye betri B. Ukiifunga kwenye B, hasi ya kamera ni −12, wavu wa kebo ni sifuri, na mbili hizo zinakutana ndani ya kamera. Utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Hata kwenye A, mimi nisingeiweka. Kamera yenye taa za usiku inaweza kuvuta 300 mA. Ukitumia nusu ya betri ya 7 Ah, hiyo ni kama saa 12 pekee, wakati amplifaya peke yake ingekaa siku nyingi. Ipe kamera betri yake huko stooni. Faida nyingine inakuja bila gharama: kamera ikiwa kwa betri, haina njia ya pili ya kufikia ardhi. Ile mistari mipana inayopanda polepole kwenye skrini, inayotokana na graundi mbili za stima kugombana, inaondoka.

Hesabu ya saa

AD811 inakula kama 15 mA kwa kila upande. Ukiwa na matokeo mawili, moja la DVR na moja la TV, ongeza kama 10 mA upande chanya, kwa sababu mwangaza wa picha unatoka huko. Regulata nayo inakula chake, kama 5 mA kwa 7805 na pungufu ya hapo kwa 7905. Jumla: kama 30 mA kwa A na kama 20 mA kwa B.

Betri ya risasi usiimalize. Tumia nusu, yaani 3.5 Ah. Gawanya kwa 0.03 unapata saa 116, karibu siku tano. Ukitumia LM6172 badala ya AD811, muda unaongezeka sana, maana IC nzima yenye amplifaya mbili ndani inakula kama 5 mA.

Umeona kwamba A inachoka kabla ya B? Ndiyo maana zibadilishane nafasi kila mwisho wa mwezi. A iwe B, B iwe A. Zima swichi kwanza, toa fyuzi, ndipo ubadilishe. Kazi ya dakika kumi, na betri zinazeeka pamoja.

Kuna jambo moja la regulata ambalo ni zuri na baya kwa wakati mmoja. 7805 inaendelea kutoa 5 V safi mpaka betri ishuke karibu na 7 V. Picha itaendelea kung'aa huku betri inakufa kifo ambacho haitafufuka. Usiitegemee picha ikuonye. Funga kipimo kidogo cha volti kwa kila betri, vile vya kidijitali vya pikipiki vinatosha, na ukiona 12.1 chaji siku hiyohiyo. Viwashe kwa kitufe cha kubonyeza, visikae vimewaka usiku kucha vikila chaji.

Kuchaji bila kulipua

Kwa stima, tumia chaja mbili za 12 V, kila betri na yake. Chaja za kawaida zenye transfoma au za kisasa zilizotenganishwa hazina shida. Chaja moja ya 24 V kwenye pande zote mbili inafanya kazi, lakini betri moja ikidhoofika mwenzake inapokea kupita kiasi, na hutajua. Mbili ni bora.

Kwa sola ndipo watu wanapoungua. Upande wa Kiirua jua lipo la kutosha, na wengi wana paneli juu ya bati tayari. Wazo la kwanza linalokuja ni kuchukua paneli moja na kontrola mbili. Usifanye hivyo. Kontrola nyingi za bei nafuu, zile za PWM, zimeunganisha chanya zote kwa ndani: chanya ya paneli, ya betri na ya mzigo ni waya mmoja. Chanya ya A ni +12 na chanya ya B ni sifuri. Paneli moja ikizigusa zote mbili, umeigusanisha betri A nguzo kwa nguzo.

Kila betri na paneli yake, kila paneli na kontrola yake, na fremu za paneli zisiguse waya wowote. Paneli ndogo ya wati 10 kwa kila upande inatosha kwa amplifaya na akiba ya siku za mawingu.

Usichukue umeme wa amplifaya kwenye matundu ya mzigo ya kontrola hizo. Kwa ndani zinakata waya wa hasi, kwa hiyo hasi ya mzigo si hasi ya betri. Chukua moja kwa moja kwenye nguzo za betri, kupitia fyuzi zako.

Una betri moja tu?

Inawezekana, lakini sifuri ndiyo inayoamua njia.

Ile mbinu ya resista mbili zinazogawa 12 V katikati, au IC ya TLE2426 inayofanya hivyo kwa ustadi zaidi, iache. TLE2426 ni nzuri kwa vipimo vidogo, lakini uwezo wake ni kama 20 mA, na matokeo mawili ya video yenye picha nyeupe yanavuta karibu hizo zote. Sababu kubwa zaidi ni ile ya kamera. Sifuri ya kutengeneza iko 6 V juu ya hasi ya betri. Kamera, DVR au TV yoyote inayokula kwenye betri hiyohiyo inaleta hasi ya betri kupitia wavu wa kebo, na mbili hizo zinapigana.

Unachohitaji ni kuiacha hasi ya betri iwe sifuri, kisha utengeneze volti zilizo chini yake. Njia ya kwanza ni LT1054. Kutoka kwenye betri pitia 7809 upate 9 V. Ingiza 9 V kwenye mguu wa 8 wa LT1054, na mguu wa 3 uwe sifuri. Weka kapasita ya 100 µF kati ya mguu wa 2 na wa 4, chanya ikiwa kwenye wa 2. Weka nyingine ya 100 µF kutoka mguu wa 5 kwenda sifuri, chanya ikiwa kwenye sifuri. Mguu wa 5 utakupa kama −8 V na zaidi. Pitisha kwenye resista ya 10 Ω, kapasita nyingine ya 100 µF, kisha 79L05. Unapata −5 V safi. Upande wa +5 chukua kwa 7805 ya kawaida.

Usiifunge LT1054 moja kwa moja kwenye betri. Kikomo chake ni 15 V, na betri inayochajiwa inapanda hadi 14.4. Nafasi hiyo ni finyu mno. Na usiiruke ile resista ya 10 Ω. LT1054 inapiga karibu na 25 kHz, na mistari ya picha ya PAL inapita 15,625 kwa sekunde. Pigo lolote litakalopenya litaonekana kwenye skrini kama mistari inayotambaa.

Njia ya pili ni rahisi kwa mikono: moduli ndogo nyeusi ya A0505S. Unaipa 5 V kutoka kwenye 7805, inakupa +5, sifuri na −5, hadi 100 mA kila upande. Ndani imetenganishwa, kwa hiyo sifuri yake unaweza kuiunga na hasi ya betri bila hofu. Haina udhibiti wa volti, na bila mzigo inapanda, kwa hiyo ipime ikiwa na mzigo wa resista ya 330 Ω kila upande. Nayo ina kelele. Ifuate na 10 Ω na 100 µF pande zote mbili, uiweke mbali na mguu wa kuingilia wa amplifaya. Kopo la bati lililounganishwa na sifuri linasaidia sana.

Au badilisha amplifaya

Kama bodi yenyewe imechoka, fikiria IC isiyotaka hasi kabisa. THS7314 inafanya kazi kwa 3 hadi 5 V, ina njia tatu ndani, na tayari imezidisha mara mbili. Betri moja, 7805 moja, basi. Kichujio chake kimetengenezwa kwa video ya kawaida ya CVBS, kwa hiyo usitegemee AHD ipite. Ni ndogo kwa umbo, na kuilehemu kunataka mkono uliotulia. Mpelekee kijana anayetengeneza simu.

Ukitumia op-amp ya kawaida ya volti moja, kama AD8051, lazima uweke kapasita kubwa kwenye matokeo ili volti ya katikati isiingie kwenye kebo. Usiweke ndogo. Kwa 220 µF picha inaanza kuinama, juu nyeupe na chini kijivu. 470 µF ni ya kuanzia. 1000 µF ni bora zaidi.

Kabla ya kuweka IC

Toa IC kwenye soketi. Washa. Multimita, waya mweusi kwenye sifuri na usitoke hapo. Mwekundu kwenye mguu wa chanya: lazima usome kati ya 4.8 na 5.2. Kwenye mguu wa hasi: kati ya −4.8 na −5.2. Kama moja haipo, usiendelee. Zote zikiwepo, zima, subiri kapasita zitulie, ndipo uweke IC.

Washa tena bila kamera. Pima matokeo kabla ya resista ya 75 Ω. Yanapaswa kuwa karibu na sifuri, milivolti chache au makumi machache. Ukisoma 3 au 4 V, chanya au hasi, upande mmoja haujafika kwenye IC au mguu umekosewa. Usiunge DVR ya watu kwenye kitu kama hicho.

Resista ya 75 Ω ikikosekana dukani, chukua mbili za 150 Ω uzifunge sambamba. Kila tokeo na yake. DVR na TV zisishirikiane moja, maana picha itafifia. AD811 na AD8001 pia zina sharti lake: usiweke kapasita kwenye njia ya kurudishia, hata kama mchoro wa op-amp nyingine unaionyesha. Zinaanza kupiga kelele zenyewe.

Sasa unga kamera na usome skrini. Picha imefifia na mistari inateleza: kuna 75 Ω mbili mwisho wa kebo, au huna kuzidisha mara mbili. Mwangaza unauma macho na kingo zimekuwa mbilimbili: mwisho wa kebo hauna 75 Ω. Picha ipo lakini haina rangi: kebo ni ndefu mno au IC ni ya polepole. Mistari myembamba inayotambaa: kibadilishi chako cha volti kinavuja, rudi kwenye 10 Ω na kapasita. Bendi pana inayopanda polepole: kuna graundi ya stima mahali fulani, anza kwa kuchomoa chaja.

Kwa mita 300, weka amplifaya upande wa kamera, si upande wa TV. Picha iongezewe nguvu kabla haijachoka. Ukiiweka mwishoni unakuza na kelele zote zilizookotwa njiani. Hiyo ina maana boksi la betri litakaa stooni, kwenye vumbi la viazi na baridi ya usiku, kwa hiyo lifunge vizuri lakini liache matundu madogo chini, maana betri ya risasi ikichajiwa hutoa gesi.

Kebo ndefu inayopita angani huvuta radi. Weka kizuia radi cha BNC kila mwisho, na kile cha nyumbani kiunge kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Mvua ikianza kunguruma kabla hujakiweka, chomoa kebo kwenye DVR.

Na ndani ya kifuniko cha boksi, bandika mchoro: A, B, sifuri, rangi za waya, ukubwa wa fyuzi, na tarehe betri ziliponunuliwa. Siku ambayo hupo, fundi atakayekuja akiona waya mweusi atadhani ni hasi.